Chai, nyungu, majani ya kuponda au mafuta: njia ipi kwa magugu ya uani?

Mvua za masika zikikatika, uani kunabaki msitu mdogo ambao hakuna aliyeupanda. Kishona nguo kimefika kiunoni, kivumbasi kimejiotea karibu na bomba, mchicha pori umejaa pembeni mwa ukuta. Ukitaka kutengeneza dawa nyepesi ya nyumbani kutokana na mimea hii, kujua majani gani yanatumika kwa tatizo gani si kazi. Muulize jirani yeyote, atakutajia matano kabla hujamaliza swali. Wengi wanakwama hatua inayofuata. Majani unayo mkononi: uyanywe kama chai, upige nyungu, uyaponde ubandike, au uyatie kwenye mafuta ya kupaka?

Hapa nazilinganisha njia hizo nne kwa matatizo madogo ya nyumbani: mafua, koo linalowasha, mkwaruzo, kuumwa na wadudu, ngozi kavu. Mifano yangu mikuu ni mimea miwili. Kivumbasi ni ndugu wa mrehani, na jani lake ukilipikicha linatoa harufu kali inayokaribia karafuu. Kishona nguo, ambacho wataalamu wanakiita Bidens pilosa, ndicho chenye vijisindano vyeusi vinavyong'ang'ania suruali ukipita shambani. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini huku kimeshakuwa mwenyeji, na sehemu nyingi majani yake machanga hupikwa kama mboga. Nimeichagua miwili hii kwa sababu haifanani. Mmoja nguvu yake iko kwenye harufu, mwingine hauna harufu ya kutaja, na hilo peke yake linabadili mambo mengi.

Mmea wenyewe kwanza

Njia haikusaidii kama umechuma kisicho chenyewe. Mnanaha huota palepale jaani na pembeni mwa shamba la mahindi, na mbegu zake chache zinatosha kumpeleka mtu hospitali akiwa anaweweseka. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichoingiliwa na sumu ya mmea huo kiliua watu 5 na kuwaugulisha mamia. Kuna pia lile gugu laini lenye manyoya, maua yake ya zambarau hafifu yakiwa yamekusanyika vichwa-vichwa, Ageratum conyzoides. Linatumika kwa vidonda sehemu nyingi za Afrika, ila ndani yake mna sumu zinazoharibu ini zikimezwa. Katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ugonjwa wa ini uliowasumbua wanakijiji ulihusishwa na gugu hilo lililochanganyika na nafaka yao.

Ulikochumia nako kunahesabika. Mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, zilipimwa miaka ya 1990 zikakutwa na madini mazito, na gugu linakunywa maji yaleyale. Achana na la kando ya barabara kubwa, la karibu na choo, na la shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu hata kama bado ni la kijani. Binafsi nina sharti moja: mmea ambao huwezi kuutambua ukiwa na ua na ukiwa bila ua, usiunywe.

Vipimo vya ulinganisho

Kila njia nimeiuliza maswali matano. Inahitaji vifaa na muda gani? Inatoa nini hasa kwenye jani? Ikishatengenezwa inakaa siku ngapi? Hatari yake kubwa iko wapi? Na inamfaa nani? Sikuweka kipimo cha "nguvu", kwa sababu dawa kali mahali pasipotakiwa ni hasara tu.

1. Chai

*Vifaa na muda.* Kikombe, kisahani cha kufunikia, chujio. Konzi ndogo ya majani mabichi, au kijiko kimoja cha chai cha majani makavu, kwa kikombe cha mililita 250. Mwagia maji yaliyotoka kuchemka, funika, subiri dakika 5 hadi 10.

*Inatoa nini.* Hapo kwenye kufunika ndipo watu wanapoharibu. Harufu ya kivumbasi ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Ukiinua kisahani baada ya dakika kumi utakuta matone yameshikilia chini yake. Yanuse, utaona yananukia kuliko chai yenyewe. Yakung'utie kikombeni. Kwa sababu hiyohiyo, majani ya harufu hayachemshwi muda mrefu: nyumba nzima itanukia, sufuriani utabaki na uchungu. Kuchemsha dakika 15 hadi 20 ni kwa mizizi na magome, vitu vigumu visivyoachia chochote kwa maji ya kumwagia. Kishona nguo kiko katikati. Ukikimwagia au ukikichemsha kidogo, tofauti ni ndogo.

*Inakaa muda gani.* Siku moja kwenye friji. Kama huna friji, ya asubuhi imalizike jioni. Chai ya majani iliyolala mezani ina kila kitu ambacho vijidudu wanakipenda.

*Hatari.* Kinachonywewa kinapita kwenye ini na kinakutana na dawa nyingine zote zilizomo mwilini. Kishona nguo kimeonekana kushusha sukari kwa wanyama wa maabara, kwa hiyo anayetumia vidonge vya kisukari asijiongezee kikombe kimyakimya. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa za presha au ARV azungumze kwanza na mhudumu wake wa afya, na mjamzito vilevile. Kingine ni ile tabia ya kuchemsha fungu zima la majani mpaka maji yawe meusi, kisha glasi nzima kutwa mara tatu. Hiyo imeshavuka chai, imekuwa dozi isiyo na kipimo. Asali kwenye chai ni nzuri kwa koo, ila asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye koo linalowasha au tumbo lililojaa gesi, asiye na dawa za kudumu, anayetaka kitu cha sasa hivi. Ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote, na kwa anayeanza ndiyo inayomfundisha mimea haraka, maana ulimi haudanganyi.

2. Nyungu

Mwaka 2020 wakati wa korona, Tanzania nzima ilikuwa inapiga nyungu, na tangu hapo hata vijana waliokuwa wanaona ni mambo ya bibi wanajua kujifunika shuka.

*Vifaa na muda.* Sufuria yenye mfuniko, shuka au blanketi, beseni pana. Majani ya kivumbasi, mchaichai, mkaratusi, mpera, chochote chenye harufu. Maji yakichemka tia majani, funika dakika chache, ondoa jikoni. Kukaa ndani ya shuka dakika 5 hadi 10 kunatosha.

*Inatoa nini.* Vile tu vinavyoruka na mvuke. Kishona nguo kwenye nyungu ni kupoteza majani. Mvuke unalegeza pua iliyoziba na unampa mtu nafuu ya kulala. Ushahidi wa kitabibu kwamba unafupisha siku za mafua haupo, na kirusi hakifi kwa kufukizwa. Nafuu ya saa moja si kitu kidogo usiku wa manane, ila iitwe jina lake.

*Inakaa muda gani.* Haikai. Maji yakipoa yamwage kwenye maua.

*Hatari.* Kati ya njia nne hii ndiyo inayoongoza kwa kupeleka watu hospitali, na wanakwenda kwa sababu ya maji moto, siyo mmea. Sufuria iliyowekwa kwenye kigoda kati ya magoti inapinduka mtu akishtuka au akipiga chafya. Iweke sakafuni, ndani ya beseni pana lisiloyumba, subiri kama dakika mbili mvuke wa kwanza upungue, ndipo ujifunike, uso ukiwa mbali kiasi cha kuvuta pumzi bila kuchomwa. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya shuka wala chumba kilichofungwa, kwani mkaa unatoa gesi isiyo na harufu inayoua. Mtoto mdogo asifukizwe kabisa, hata akishikiliwa na mama yake. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu kali badala ya kufunguliwa, na mwenye presha ya kupanda au kizunguzungu aiache.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye nguvu zake, aliyezibwa pua, ambaye tumbo lake au dawa anazotumia hazimruhusu kunywa majani.

3. Majani ya kuponda na kubandika

*Vifaa na muda.* Kinu kidogo cha kitunguu saumu au viganja vyako viwili. Dakika tatu. Watu wa shambani hawahitaji hata kinu: jembe likikwaruza kidole, mtu anachuma majani machanga ya kishona nguo, anayapikicha mpaka kiganja kinalowa ukijani, anakamulia pale.

*Inatoa nini.* Maji yote ya jani yakiwa mabichi, pamoja na vile ambavyo moto ungeviua. Kwenye maabara, dondoo za kishona nguo zimezuia baadhi ya bakteria kukua, lakini sahani ya maabara haina udongo na wala haishiki jembe.

*Inakaa muda gani.* Nusu saa, kisha inabadilika rangi na kukauka. Tengeneza upya kila mara.

*Hatari.* Udongo. Jani la uani limerukiwa na matope ya mvua, limepitiwa na kuku, na wadudu wa pepopunda makazi yao ni humo humo kwenye udongo. Kwa hiyo njia hii, inayoonekana nyepesi kuliko zote, ndiyo ninayoiwekea mipaka mikali. Ngozi isiyochanika, sawa. Mkwaruzo wa juujuu uliooshwa kwa maji safi na sabuni, kwa majani nayo yaliyooshwa vizuri, unaweza. Jeraha la kina, la msumari, la kuumwa na mnyama, au la moto, hapana. Nenda kituo cha afya, na ulizia chanjo ya pepopunda. Kitovu cha mtoto mchanga hakiwekwi jani lolote, la bibi yeyote.

Ngozi nayo ina yake. Jaribu kwanza kipande kidogo upande wa ndani wa mkono, ngoja saa 24. Mziwaziwa, ile mimea ya utomvu mweupe inayotambaa kwenye nyufa za sakafu, usiiguse kisha ukajifuta macho.

*Inamfaa nani.* Aliye shambani au safarini mbali na kabati la dawa, aliyeumwa na siafu, mbu au aliyewashwa na upupu wa majani. Anayeishi mjini mwenye duka la dawa pembeni hana sababu kubwa ya kuichagua.

4. Mafuta ya kupaka

Hii ina kazi nyingi, lakini ndiyo inayoacha kitu kabatini, na ndiyo watu wanaiharibu bila kujua kwa nini.

*Vifaa na muda.* Ungo, chupa ya kioo, mafuta ya nazi au ya alizeti, sufuria ya maji, kitambaa safi cha kuchujia, na ukitaka malhamu ngumu, nta ya nyuki. Wauza asali wengi wanayo nta, ya Tabora ikisifika. Hesabu siku tatu hadi tano za kukausha na saa mbili au tatu za jikoni.

Kukausha ndiyo nusu ya kazi. Tandaza majani kwenye ungo kivulini, penye upepo, usiyarundike. Jua linaondoka na harufu na rangi. Yako tayari jani likivunjika kwa kusagika na kijiti chake kikilia "tak" kinapokatika. Likikunjwa tu bila kuvunjika, bado lina maji, na maji hayo yakiingia kwenye mafuta yanaleta ukungu na uvundo. Mafuta mengi ya nyumbani yanayooza wiki ya pili yameponzwa na haraka ya hapa.

Yakikauka, jaza nusu ya chupa, mimina mafuta yafunike majani na kuzidi kwa upana wa vidole viwili, kisha simamisha chupa ndani ya sufuria ya maji yenye kitambaa chini ili kioo kisipasuke. Moto mdogo, maji yatetemeke bila kutokota, saa mbili au tatu. Maji ya sufuria yasirukie ndani. Chuja, acha yatulie usiku mzima, na asubuhi ukiona tope au matone ya maji chini, mimina ya juu uyaache hayo.

Kwa malhamu, gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta ni mwanzo mzuri. Hapo hali ya hewa inaingia. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo Dar es Salaam au Mombasa yanakaa maji karibu mwaka mzima, ilhali Lushoto mwezi wa saba utayachimba kwa kijiko. Wa pwani aongeze nta kidogo, wa milimani apunguze. Dondosha tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friji, ligande, lipime kwa kidole kabla hujamimina yote kwenye makopo.

*Inatoa nini.* Vile vinavyoyeyuka kwenye mafuta, na harufu ya kivumbasi ni mojawapo. Kwa kishona nguo faida ni ndogo zaidi. Na tuseme ukweli: kwa magaga na ngozi iliyopauka, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mafuta na nta vyenyewe.

*Inakaa muda gani.* Miezi sita hadi mwaka, penye giza na ubaridi, ukichota kwa kijiko kikavu. Yakianza kunuka kama karanga zilizoota uvundo, yatupe.

*Hatari.* Ni chache: mzio wa ngozi, na kupaka pasipofaa. Mafuta hayapakwi kwenye moto mbichi wala jeraha lililo wazi. Pia kuna matarajio yasiyo sahihi kuhusu mbu. Majaribio ya magharibi mwa Kenya yalionyesha kwamba vyungu vya mimea hai ya jamii ya kivumbasi ndani ya nyumba vinapunguza mbu kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, ambayo si haba, ila theluthi mbili inayobaki inatosha kabisa kuleta malaria. Harufu ya mafuta kwenye ngozi inaisha mapema, na chandarua hakiondoki kitandani.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, mwenye ngozi kavu au wajukuu wa kuwapaka, na mwenye magugu mengi msimu mmoja anayetaka kuyatumia hadi kiangazi.

Kwa hali yako

Kama ndiyo unaanza na hujawahi kutengeneza chochote, anza na chai ya kivumbasi, kikombe kimoja, jioni ambayo huna dawa nyingine. Kama unatumia dawa kila siku, acha vya kunywa, chagua kati ya mafuta na, kama huna pumu wala presha, nyungu.

Nyumba yenye watoto wanaotambaa na kukimbia inaiondoa nyungu kwenye orodha, au inaisogeza hadi saa wamelala na mlango umefungwa. Wao wenyewe wapake mafuta yaliyokwisha kujaribiwa kwenye kipande kidogo cha ngozi, kisha basi.

Ukiwa umepanga chumba kimoja, huna ua, na majani unapewa na mtu wa sokoni, ruka njia ya kubandika, kwa kuwa hujui yametoka wapi na yameoshwa na nini. Mwenye shamba mbali na barabara ana hali tofauti: kwake kuponda ni msaada wa dakika ile, huku sabuni na maji vikiwa vimeshatangulia.

Mafua na pua kuziba kwa mtu mzima: nyungu kwa nafuu ya usiku, chai mchana. Koo peke yake: chai. Magaga, midomo na viwiko: mafuta. Kuumwa na mdudu: ponda sasa, na kama una kopo la malhamu nyumbani, usihangaike kuponda.

Homa haimo kwenye orodha hii. Kwetu homa inapimwa malaria kwanza, na mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kuharisha damu, kupumua kwa shida, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au kidonda kinachozidi kuvimba.

Na kama majirani wamependa malhamu yako wakaanza kuomba uwauzie, hapo umeingia kwenye mlango mwingine. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake linalosajili watoa tiba na dawa zao. Ulizia kwa mratibu wa tiba asili wa wilaya yako kabla hujabandika lebo kwenye kopo la kwanza.